SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: NGAZI YA SAMAKI KATIKA ULAJI WA MAJINI

Masumbwe iko mbali na mwambao wa Ziwa Viktoria, lakini dagaa, sato na sangara huliwa huko, na wachimbaji wadogo wa dhahabu katika ukanda wa Geita hutumia zebaki. Mambo hayo mawili yaweza kukutana ndani ya samaki. Kwa hiyo yafaa kila katibu aweze kuwaeleza wanachama jinsi ngazi ya samaki inavyokadiriwa.

Ngazi ya 1 ni mimea midogo ijitengenezeayo chakula kwa mwanga wa jua. Ngazi ya 2 ni vijidudu viilavyo mimea hiyo. Dagaa, alaye zaidi vijidudu hivyo, yu karibu na ngazi ya 3.

Njia ya kwanza ni kupasua samaki na kuchunguza matumbo. Hutafutwa wastani wa ngazi za vyakula vyake, kisha huongezwa 1. Kwa mfano, ikiwa nusu ya chakula cha sangara ni dagaa (3) na nusu ni uduvi wa ziwani (2), wastani ni 2.5; basi sangara huyo yu ngazi ya 3.5.

Upungufu wa njia hiyo ni kwamba tumbo huonyesha mlo wa karibuni tu. Njia ya pili hupima nitrojeni nzito iliyomo katika nyama, ambayo huongezeka kwa takriban sehemu 3.4 kwa elfu kila ngazi. Kwa mfano, ikiwa konokono mla mimea (2) ana kipimo cha 6, na samaki ana 12.8, tofauti ya 6.8 ni ngazi mbili. Samaki huyo yu ngazi ya 4. Sharti wote watoke mahali pamoja, kwani maji yapokeayo taka za miji huanza na kipimo kingine.

Ngazi yaweza kubadilika. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950. Furu walipopungua mno katika miaka ya 1980, aligeukia uduvi, dagaa na hata watoto wa sangara wenzake.

Zebaki ifikapo kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa sumu ikaayo mwilini. Kila mlaji huirithi kwa wale aliowala. Hivyo samaki mkubwa, mzee, mla samaki, huwa na nyingi kuliko dagaa wa maji yale yale. Huko Minamata, Japani, maradhi ya sumu hiyo yalitambuliwa mwaka 1956. Mtoto aliye tumboni ndiye adhurikaye zaidi.

Somo hili halimkatazi mtu samaki, kwani ni chakula bora. Linakataza kuosha mchanga wenye zebaki mtoni.

Maswali ya mkutano:
1. Samaki ala dagaa (3) watupu. Yu ngazi gani?
2. Maji ya kuoshea dhahabu katika eneo la chama huelekea wapi?