Pilipili Uani: Somo la Ukulima na Upishi



Wahenga walisema, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Methali hii hutumiwa kumkanya mtu ajitiaye katika mambo yasiyomhusu, na huenda mwanachama akatuuliza swali hilo hilo: jarida la wakulima wa karafuu na pilipili wapi na wapi? Jawabu letu ni kwamba pilipili hii twaila, tena kila siku, na twainunua kwa fedha itokanayo na karafuu. Basi yatuhusu.

Kila mwenye shamba aijua tabia ya mkarafuu. Mwaka mmoja huzaa hata wachumaji wakakosekana, na mwaka unaofuata ukatoa kidogo, au usitoe kitu. Katika miaka hiyo ya upungufu ndipo deni liingiapo nyumbani, na aghalabu haliingii kwa jambo kubwa. Huanza kwa chumvi, mafuta, ndimu na pilipili, vikaandikwa katika daftari la dukani, mpaka mtu akajikuta ameahidi karafuu zake zingali mtini kwa bei asiyoipanga yeye. Tuchukue mfano: mtu anunuaye pilipili za shilingi 200 kila siku, katika mwaka ametoa shilingi 73,000. Mipilipili minne au mitano iliyotunzwa vizuri yatosha kumwondolea gharama hiyo. Hatusemi kuwa pilipili italipa deni la shamba; twasema kuwa kinachoweza kuota uani kisinunuliwe kwa mkopo.

1. ASILI NA AINA ZAKE

Pilipili kali ni mgeni katika nchi zetu, kama ulivyo mkarafuu. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku katika Indonesia, nao ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kwa njia ya visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Pilipili kali asili yake ni bara la Amerika. Safari za Columbus, zilizoanza mwaka 1492, ndizo zilizoitoa huko, na Wareno wakaisambaza katika bandari za Bahari ya Hindi. Wazee wetu walipoiona inawasha waliipa jina la ile waliyokwisha kuizoea, yaani pilipili manga iliyokuja na majahazi, ijapokuwa mimea hii miwili haina udugu wowote.

Kwa matumizi ya nyumbani yatosha kujua aina tatu. Ya kwanza ni pilipili kichaa, ndogo, nyembamba, ielekezayo ncha juu, nayo ni kali sana. Ya pili ni pilipili mbuzi, ya mviringo yenye mikunjo, ambayo ukali wake aghalabu hushinda kichaa, lakini ina harufu nzuri isiyopatikana katika nyingine. Ya tatu ni ile kubwa isiyowasha, ambayo huku visiwani twaiita pilipili boga. Hapa pana jambo la kuangalia wakati wa kununua mbegu: katika Kiswahili cha zamani pilipili hoho ni ile kali, lakini siku hizi, hasa bara, hoho ni hiyo isiyowasha. Usiridhike na jina lililoandikwa juu ya pakiti; tazama picha yake pia.

2. MBEGU NA KITALU

Mbegu bora ni ile uliyoitoa mwenyewe katika tunda lililoiva likawa jekundu kabisa, kutoka mche wenye afya na unaozaa sana. Zitoe, zianike kivulini siku kadha, kisha zihifadhi katika chupa kavu. Ikiwa uani mna aina mbili, fahamu kuwa nyuki huchanganya chavua, na watoto huenda wasifanane na mama yao. Atakaye mbegu safi na apande aina moja peke yake.

Kitalu chaweza kuwa sanduku, kopo pana au kifuu cha nazi kilichotobolewa chini. Tia udongo laini uliochanganywa na mbolea iliyooza, zika mbegu kina kisichozidi nusu inchi, na nyunyiza maji kwa mkono, usiyamwage. Mbegu huota baada ya siku 7 mpaka 21. Baada ya wiki 6 mpaka 8, mche ukiwa na urefu wa kama inchi 6, huwa tayari kuhamishwa. Siku chache kabla ya hapo upunguzie kivuli kidogo kidogo ili ulizoee jua.

3. KUPANDA NA KUTUNZA

Mahali pa mipilipili ni pale jua lipigapo saa 6 kwa uchache. Kwa hiyo chini ya mikarafuu mikubwa hapafai. Aidha hatushauri kuchimbachimba karibu na mikarafuu, mikubwa au michanga, kwa kuwa mizizi yake ilishayo iko juu juu, na jembe huikata. Ua wa nyumba ndio mahali pake.

Asiye na ardhi uani atumie debe au ndoo mbovu. Toboa matundu chini, tandika vijiwe au vipande vya vigae, kisha tia mchanganyiko wa udongo sehemu 2, samadi iliyooza sehemu 1 na mchanga sehemu 1. Debe moja ni la mche mmoja. Wapandao ardhini waache nafasi ya futi 2 baina ya mche na mche, na wainue matuta. Mvua za masika zetu ni nyingi, na mpilipili haupendi maji yaliyotuama. Ukisimama majini siku kadha mizizi huoza, na majani hunyauka kana kwamba una kiu. Hapo wengi huuongeza maji, wakaumalizia kabisa. Tia kidole katika udongo kabla ya kumwagilia. Ikiwa kingali na unyevu, ngoja mpaka kesho.

Hamisha miche jioni. Tandaza majani makavu kulizunguka shina, bila ya kuligusa, ili yahifadhi unyevu. Mwagilia asubuhi, chini, si juu ya majani. Samadi itiwe kwa kiasi: ikizidi, mti hustawi majani ukasahau kuzaa. Maua pia huanguka jua likiwa kali mno au maji yakikosekana, basi usivunjike moyo. Hali ikitengemaa utatoa mengine. Tunda la kwanza tarajia baada ya miezi kama mitatu tangu kuhamisha.

4. MARADHI NA WADUDU

Tazama upande wa chini wa majani mara moja kila wiki. Vidukari na inzi weupe hukaa huko wakinyonya maji ya mti. Ukiwaona, changanya kijiko cha chai kimoja cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji, uwanyunyizie jioni, na urejee baada ya siku chache. Majani yakijikunja na kudumaa, na mche ukaacha kukua, hayo aghalabu ni maradhi ya virusi yaletwayo na wadudu hao hao. Hayana dawa. Ung'oe mche huo uuchome moto, wala usiuhurumie, maana ukibaki utaambukiza wenzake.

Usipande mpilipili pale palipokuwa na mnyanya, mbilingani au viazi mbatata msimu uliopita. Miti hiyo ni ukoo mmoja, na maradhi ya mmoja hungoja udongoni yampate mwingine.

5. KUCHUMA NA KUKAUSHA

Chuma pamoja na kikonyo chake, kila baada ya siku chache, kwa sababu mti uliochumwa huzaa zaidi kuliko ulioachwa na matunda yaliyoiva. Za kukausha ziwe zimeiva zote. Kilo 3 mpaka 4 za mbichi hutoa kama kilo 1 ya kavu.

Na hapa, ndugu wanachama, twaomba mtusikilize sana, kwa mambo mawili.

La kwanza, pilipili zisianikwe katika majamvi ya karafuu, hata ikiwa si msimu. Mbegu na vumbi lake hukaa katika usuko, na mnunuzi akizikuta ndani ya gunia atazihesabu kuwa takataka. Si haki karafuu safi za mwaka mzima zipunguziwe daraja kwa ajili ya pilipili za kibaba kimoja. Tenga jamvi lake.

La pili, pilipili isiyokauka vizuri huota ukungu, na ukungu mwingine huzaa sumukuvu, sumu idhuruyo ini, isiyoondoka hata kwa kupikwa. Anika juani juu ya kichanja, zigeuze, ziingize ndani jioni kabla ya umande. Iliyokauka barabara huvunjika mkononi, na ukiitikisa mbegu hulia. Itakayoonekana na ukungu itupwe. Kuipangusa hakufai kitu.

6. KWA NINI HUWASHA, NA TIBA YAKE

Kitu kiwashacho huitwa kapsaisini. Wengi hudhani kimo ndani ya mbegu, lakini makao yake hasa ni ile nyama nyeupe inayozishika mbegu. Atakaye kupunguza ukali na aiondoe nyama hiyo. Kitu hicho hakiunguzi kweli. Hugusa mishipa ya fahamu ile ile iupashayo ubongo habari ya moto. Mtaalamu wa Marekani, David Julius, ndiye aliyekigundua kipokezi hicho, habari zake zikatangazwa mwaka 1997, na mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Ndege hawausikii mwasho huo, ndiyo maana huzila pilipili zetu kwa raha na kuzipanda mbegu kila mahali.

Kapsaisini huyeyuka katika mafuta, haiyeyuki katika maji. Kwa hiyo mtu aliyewashwa kinywani asipewe maji matupu. Apewe maziwa, mtindi au wali wa nazi. Mkono ukiwasha, upake mafuta ya kupikia kwanza, kisha uoshe kwa sabuni. Mtoto akijitia jichoni, asilisugue. Mwoshe kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, na asipopata nafuu apelekwe kituo cha afya. Zaidi ya hayo, pandeni mipilipili mbali na njia ya watoto wadogo, hasa pilipili mbuzi, ambayo rangi yake huwavutia.

7. JIKONI

Pilipili ya kutwanga. Pilipili kichaa 20, punje 4 za vitunguu thomu, kijiko cha chai 1 cha chumvi. Twanga pamoja katika kinu kidogo mpaka vilainike, kisha kamulia ndimu 3. Weka mahali pa baridi, na mtengeneze kiasi cha kumalizwa katika siku chache, maana mchanganyiko mbichi haudumu.

Mchuzi wa samaki wa nazi. Chemsha samaki katika tui jepesi pamoja na kitunguu, nyanya na bizari. Akikaribia kuiva tia tui zito na pilipili mbuzi moja nzima, ya kijani, yenye kikonyo chake. Koroga polepole, mchuzi usikatike wala pilipili isipasuke. Iondoe kabla ya kupakua. Mchuzi utapata harufu yote na ukali kidogo, hata mtoto na mzee wataula. Ikipasuka, ongeza tui, usiongeze maji.

Achari ya embe. Kata embe mbichi vipande vyembamba, tia chumvi, anika siku moja au mbili. Kaanga thomu na bizari katika mafuta, tia siki, sukari kidogo na pilipili kavu iliyotwangwa, kisha vipande vya embe. Hifadhi katika chupa iliyochemshwa na kukaushwa, na chota kwa kijiko kikavu daima.

8. MASWALI YA KUJADILIANA MATAWINI

(1) Nyumba yako hutumia shilingi ngapi kwa wiki kwa pilipili, ndimu na mboga za kununua?
(2) Ni vitu gani katika hivyo vinavyoweza kuota uani?
(3) Kwa nini maji mengi huua mpilipili, na utatambuaje?
(4) Nani katika tawi ana mbegu nzuri, na je, yuko tayari kugawa?

Swali la nne ndilo tulipendalo zaidi. Tunda moja lina mbegu nyingi kuliko mahitaji ya nyumba moja. Twawaomba wenye mbegu waje nazo katika mkutano ujao wa tawi, zimefungwa katika karatasi na kuandikwa aina yake, ili kila mwanachama arudi kwake na cha kupanda.

Katibu