NIKAHA YA WALIO NG'AMBO NA MITEGO YA SHERIA ZA NCHI



Somo letu la mara hii latokana na suala lililoletwa katika darsa ya Kithyoko, na mwenye kuuliza ametaka tulijibu kwa kalamu ili liwafikie na walio Mombasa, Malindi na Lamu. Kithyoko, kwa asiyeijua, ni mji mdogo wa Machakos ulio kando ya barabara itokayo Thika kwenda Mwingi na Garissa. Waislamu wake si wengi, lakini barabara huleta watu na habari, na huleta wachumba pia. Suala lenyewe ni hili:

"Binti yetu aliozwa na walii wake miaka miwili iliyopita kwa kijana aliyeko Marekani. Kijana hakuhudhuria, alimwakilisha ami yake. Mashahidi walikuwapo na mahari yalitolewa, lakini cheti hakikuandikwa. Tangu siku hiyo wawili hao hawajaonana. Sasa kijana ataka kumchukua mkewe, naye ameambiwa ya kuwa kwa sheria ya uhamiaji ya nchi ile hana mke. Je, nikaha yetu ni batili? Na jirani atushauri tuandikishe cheti cha tarehe ya nyuma, au binti aandikiwe ndoa ya karatasi na raia mwingine apate kupita. Yafaa hayo?"

JAWABU. Yapasa kwanza tupambanue mambo mawili ambayo watu huyachanganya: usahihi wa nikaha mbele ya Mwenyezi Mungu, na uthibitisho wake mbele ya serikali. La kwanza lina nguzo zake, na la pili lina kanuni zake. Mtu aweza kulitimiza moja na kulikosa la pili, na kila kosa lina msiba wake.

Ama nikaha, ikiwa walii alikuwapo, na mashahidi wawili waadilifu, na ijabu na kabuli zikapita baina ya walii na wakili wa mume, basi imesihi. Uwakala katika nikaha wajuzu katika madhehebu yetu ya Shafi. Basi binti huyo ni mke wa mtu, na hukumu zote za mke wa mtu zamhusu.

Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani ina kauli yake. Yasema ya kuwa hawahesabiwi mume na mke watu waliofungishwa ndoa bila ya kuwapo wote wawili mbele ya mwenziwe, ila ikiwa baada ya kufungishwa walikutana kimwili. Msomaji asistaajabu, kwani mafukahaa wetu nao wametenga baina ya akdi tupu na akdi iliyofuatwa na kuingiliana. Mwanamke akiachwa kabla ya kuingiwa hupata nusu ya mahari na hana eda. Basi dawa ya jambo hili si hila. Dawa yake ni mume kufunga safari, aje kwa mkewe, wakae kama wakaavyo wanandoa, na waweke ushahidi wa kuonana kwao: mihuri ya pasipoti, tikiti za safari, na picha zilizopigwa pamoja na jamaa.

FASLI YA CHETI. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imeitambua ndoa ya Kiislamu sawasawa na ndoa nyingine, na imetaka kila ndoa iandikishwe. Kadhi, sheikh au imamu aliyepewa idhini na msajili ndiye afungishaye, huandika khabari za ndoa, hutoa cheti, kisha hupeleka nakala kwa msajili. Sheria hiyo hiyo imeweka umri wa chini kuwa miaka 18, kwa mume na kwa mke.

Jambo la kusikitisha ni kuwa katika miji yetu, ya bara na ya pwani, hutumiwa maelfu ya shilingi kwa pilau, mapambo na magari ya arusi, na mwalimu aliyefungisha huenda zake bila ya kuandika hata mstari mmoja. Tukiulizwa, twasema, "Wazee wetu hawakuwa na vyeti." Ni kweli, lakini wazee wetu waliishi katika mtaa ambao kila mtu alijua nani mke wa nani. Afisa wa ubalozi hakuhudhuria walima. Hana ajualo ila lililoandikwa. Na Qurani, katika aya ya 282 ya Sura ya Pili, imetuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la mali laandikwa, vipi iachwe bila ya kuandikwa ahadi ambayo Qurani yenyewe, katika Sura ya Nne, imeisifu kuwa ni nzito?

Aliyekwisha kufungishwa bila ya cheti na aende kwa Kadhi aliye karibu pamoja na walii na mashahidi, ndoa yake isikilizwe na kuthibitishwa. Katiba, katika kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mambo ya ndoa ya Waislamu wenye kuridhika na hukumu yake. Tarehe iandikwe ile ya kweli ya nikaha, na tarehe ya kuandikishwa iandikwe ile ya leo. Ama kuandika tarehe ya uwongo ni kughushi. Ni ushahidi wa uwongo katika Dini na ni kosa la jinai katika nchi, na karatasi moja ya uwongo ikigunduliwa hutia shaka katika karatasi kumi za kweli.

FASLI YA NDOA YA KARATASI. Hapa ndipo penye khatari kubwa. Twasikia ya kuwa wako watu ambao hulipana fedha ili raia wa nchi ya kigeni aandikishe ndoa na mgeni, kisha kila mmoja ashike njia yake. Na wako wanawake wenye waume zao ambao huandika ya kuwa hawajaolewa, na mume wa haki huandikwa kuwa ni kaka.

Twasema: jambo hili ni ovu kwa pande zote. Katika Dini, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha ya kuwa nikaha, talaka na rejea hazina mzaha, aliyezitamka kwa mchezo zimempata kwa kweli. Mwanamke mwenye mume hawezi kuolewa na mwingine, si kwa karatasi wala kwa mdomo. Na wanavyuoni wa Shafi wamesema ya kuwa nikaha iliyowekewa muda katika akdi ni batili, na ile ambayo mume ameificha niya ya kuacha moyoni mwake inachukiza, ijapokuwa akdi yake husihi kwa dhahiri.

Na katika sheria, Marekani ilitunga mwaka 1986 sheria makhsusi ya kuzuia udanganyifu huu. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 250,000. Tena aliyethibitika kuingia katika ndoa ya hila hufungiwa mlango: maombi yoyote ya baadaye, hata ya ndoa ya kweli iliyo safi, hukataliwa. Na yule mume aliyeandikwa "kaka", siku mkewe atakapotaka kumwita atakuta karatasi ya mkono wake mwenyewe imemkana.

Kenya nayo haiko nyuma. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 yataka, kwa mwenye kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, iwe ndoa hiyo haikufungwa kwa ajili ya kupata haki ya uhamiaji, na wawili hao wawe waishi pamoja wakati wa kuomba. Na kifungu cha 17 cha Katiba charuhusu kumpokonya uraia aliyeupata kwa kuandikishwa, ikiwa aliupata kwa ulaghai au kwa kuficha jambo.

Katika Hadithi ya niya, Mtume (S.A.W.) alimtaja mtu aliyehama kwa ajili ya mwanamke wa kumuoa, ya kuwa hijra yake ni kwa lile alilolihamia. Sisi tumepindua: twaoa ili tuhame. Basi na tujiulize ndoa kama hiyo hesabu yake ni ipi.

FASLI YA WAKE WAWILI NA TALAKA. Ndoa ya Kiislamu katika Kenya yajulikana kuwa yaweza kuwa ya wake zaidi ya mmoja. Lakini ruhusa hiyo haisafiri na mwenyewe. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1988, humzuia mke wa pili kuingia kwa haki ya ndoa ikiwa mke mwenziwe amekwisha kuingia kwa haki hiyo. Marekani nayo haimpi mke wa pili viza ya mke. Basi walii anayeposewa na mtu aliyeko huko na amuulize waziwazi: unaye mke aliyeandikwa serikalini? Akijibu kuwa anaye, na binti akaridhika, nikaha yaweza kusihi, lakini ajue tangu leo kuwa huenda asiuone mji wa mumewe.

Wengine humwacha mke wa kwanza mahakamani "kwa karatasi tu" na huku waishi naye. Hao wamejitia katika mashaka mawili: mbele ya serikali wamedanganya, na mbele ya Sharia yawapasa wamwendee Kadhi waulize yale waliyoyatamka na kuyatia saini yamefanya nini katika nikaha yao.

Kinyume chake pia kiko. Talaka iliyotamkwa katika ardhi ya Uingereza haivunji ndoa mbele ya sheria ya nchi ile mpaka mahakama ya serikali ivunje. Mume aliyeacha kwa ulimi London, kisha akaja kuoa Mombasa, huenda akaambiwa ya kuwa bado ana mke wa kwanza. Na nikaha iliyofungwa Uingereza bila ya kuandikishwa haina nguvu huko. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya nchi ile iliamua juu ya watu waliofunga nikaha katika hoteli ya chakula ya London mwaka 1998, ya kuwa sherehe ile haikuwa ndoa kwa sheria hata kidogo. Mke aliyekaa miaka mingi na kuzaa hakuhesabiwa kuwa mtalaka mwenye haki ya mke. Lakini nikaha iliyofungwa na kuandikishwa Kenya kwa sheria ya Kenya ina hukumu nyingine, kwani sura ya ndoa hutazamwa kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Basi ubora wa cheti tulichokitaja umezidi kudhihirika.

FASLI YA BAADA YA KUFIKA. Wazazi wengi hudhani ya kuwa binti akishapanda ndege mambo yamekwisha. Sivyo. Huko Marekani, mke ambaye ndoa yake haijatimia miaka miwili siku apewapo ukaazi hupewa ukaazi wa sharuti, wa miaka miwili. Katika siku 90 za mwisho yawapasa mume na mke kuomba pamoja uondolewe sharuti. Wakighafilika, haki hupotea. Uingereza viza ya kwanza ya mke anayetoka nje ni ya miezi 33, na kiwango cha pato kilipandishwa tarehe 11 Aprili 2024 kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000 kwa mwaka.

Waume waovu huutumia ujinga wa wake zao na kuwaambia, "Ukisema neno utarudishwa kwenu." Yafaa kila binti ajue kabla ya kusafiri ya kuwa nchi zote mbili zimeweka njia kwa mke aliyepigwa au kuteswa, aombe ukaazi peke yake bila ya saini ya mume, Marekani imeweka sheria juu ya hayo tangu mwaka 1994. Na aishike pasipoti yake na nakala ya cheti chake kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa jamaa zetu wenye kuozana na watu wa Oman, wajue ya kuwa tangu mwaka 1993 Muomani alihitaji idhini ya serikali kabla ya kuoa mgeni, na sharti hilo liliondolewa kwa amri ya Sultani Haitham mwaka 2023. Walioana zamani bila ya idhini na wasidhani mambo yao yamejitengeneza yenyewe. Waende wakathibitishe vyeti vyao.

Na anayeoa mgeni akamleta hapa Kenya ajue ya kuwa ndoa peke yake haimpi mgeni uraia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 15, yampa haki ya kuomba baada ya miaka 7 ya ndoa, awe mume au mke. Na katika Katiba ya zamani haki hii ilikuwa ya mke tu. Kabla ya hapo sharti awe na idhini halali ya kukaa. Ama watoto, kifungu cha 14 chawahesabu kuwa raia kwa kuzaliwa, ikiwa baba au mama ni raia, popote walipozaliwa. Wazazi wasichelewe kuandikisha uzazi.

KHITIMU. Kwa muulizaji wetu twasema: nikaha yenu ni sahihi, na binti ni mke wa mtu. Kwa hivyo ndoa ya karatasi kwake ni haramu mara mbili. Msighushi tarehe. Nendeni kwa Kadhi na mashahidi wenu, ndoa ithibitishwe na kuandikishwa. Mume na aje akutane na mkewe, kisha ombi lipelekwe kwa ukweli wote, na ikiwezekana kwa shauri la wakili wa sheria aliyesajiliwa, si la dalali wa mtaani wala la mganga wa kuandika kombe la viza. Na ikiwa mume hawezi kuja wala kutimiza haki zake, binti asiachwe akining'inia miaka. Kadhi anao mlango wa kumsikiliza.

Ukweli huenda ukachelewesha safari kwa mwaka mmoja. Uwongo huifunga kwa umri mzima, tena huenda na mwenyewe mpaka siku ambayo hapana ubalozi wala karatasi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.