Usukani Unaocheza: Namna ya Kuutafuta Ulegevu katika Motokaa ya Zamani

Mkulima, motokaa ya zamani ni mtumishi mwema wa shamba. Hupeleka samadi, huleta mbegu, na wakati wa mavuno hubeba magunia mpaka sokoni au kwenye ghala la chama cha ushirika. Lakini mtumishi huyu akizeeka hupatwa na ugonjwa mmoja ujao polepole, hata mwenyewe asiutambue: usukani huanza kucheza. Dereva huuzungusha kidogo kulia, na motokaa haijibu. Huurudisha kushoto, nayo huchelewa kufuata. Siku kwa siku mikono yake huzoea, naye husema, "Ndivyo ilivyo gari yangu." Ajapo kukutana na lori kwenye daraja jembamba, au kuteremka mlima akiwa na mzigo mzito, ndipo mazoea hayo yamponzapo.

Somo hili lataka kukufundisha jambo moja: usukani ukicheza, tafuta kwanza kiungo kilicholegea, ndipo utengeneze. Watu wengi hushika bisibisi na kukaza skrubu ya sanduku la usukani kabla ya kutazama kitu kingine cho chote. Mara nyingi sanduku halina kosa. Basi hulikaza hata likaharibika, na kile kiungo kilichochakaa hubaki vile vile, kikingojea siku yake ya kukatika.

Kwa mfano tutaitumia Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hata 1985. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu huko Amsterdam mwaka 1948, nayo ilikusudiwa tangu mwanzo kwa kazi za shamba. Viungo vyake huonekana wazi, kwa hiyo yafaa kwa kujifunzia. Mwenye motokaa ya namna nyingine yenye sanduku la usukani aweza kufuata mpango huu huu, ingawa hesabu ya fimbo zake si sawa.

1. ULEGEVU HUTOKA WAPI

Ukumbuke mnyororo wa plau. Kila pete ina nafasi ndogo ndani ya mwenzake. Ng'ombe wakianza kuvuta, plau haisogei mpaka nafasi zote zimekwisha. Nafasi ya pete moja si kitu. Nafasi za pete zote pamoja ni hatua nzima.

Usukani nao ni mnyororo. Mkono wako huzungusha usukani. Mhimili wa usukani huingia katika sanduku. Sanduku hugeuza mkono wa chuma. Mkono huo husukuma fimbo ya kwanza iendayo mbele. Fimbo hiyo hugeuza kipokezi kilichosimama ndani ya boriti ya mbele ya chesisi, nacho mafundi hukiita rilei. Kipokezi husukuma fimbo ya pili mpaka kwenye gurudumu moja. Kisha fimbo ndefu, iitwayo tairodi, huliunganisha gurudumu hilo na mwenzake. Kila fimbo katika hizi tatu ina kiungo cha tufe kila mwisho. Jumla ni viungo 6, na kila kimoja chaweza kuchakaa.

Tena jua neno hili. Magurudumu yakitazama mbele, usukani wa Land Rover hii huzunguka takriban mara 15 kuliko mgeuko wa gurudumu. Ndiyo sababu ulegevu mdogo chini huonekana mkubwa juu: milimita 1 katika kiungo kimoja cha fimbo yaweza kuwa kama sentimita 2 kwenye ukingo wa usukani. Kwa hiyo usitafute pengo kubwa la kutisha. Tafuta mtikisiko mdogo.

2. KUPIMA

Simamisha motokaa mahali tambarare penye ardhi ngumu, magurudumu yatazame mbele sawasawa. Weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Jaza pumzi katika mipira kama ipasavyo. Funga uzi kwenye ukingo wa usukani, na mbele yake simamisha ufito usiotikisika, uwe alama. Mtu wa pili achutame kando ya gurudumu la mbele, aweke mkono juu ya mpira.

Zungusha usukani polepole kushoto, kwa kidole tu, mpaka mwenzako aseme gurudumu limeanza kusogea. Tia alama. Zungusha kulia hata gurudumu lianze tena. Tia alama ya pili. Pima kwa kufuata ukingo toka alama hata alama, kisha andika kipimo na tarehe katika daftari.

Katika ukaguzi wa motokaa nchini Uingereza, gari lenye sanduku la namna hii hukataliwa ulegevu ukizidi milimita 75. Huo ni mpaka wa hatari, si kipimo cha uzima. Motokaa iliyotunzwa hucheza kiasi cha sentimita 2 au 3 tu. Tena kipimo kinachoongezeka ghafula ni kibaya kuliko kipimo kikubwa kilichokaa vile vile mwaka mzima. Ndiyo faida ya daftari.

3. KUTAFUTA KIUNGO KILICHOLEGEA

Kazi hii yataka watu wawili. Magurudumu yabaki juu ya ardhi, maana uzito wa gari ndio uonyeshao ulegevu. Mwenzako akae kwenye kiti, autikise usukani kulia na kushoto upesi upesi, si kwa kuuzungusha sana, bali ndani ya ule ulegevu tu. Wewe ufuate mnyororo toka juu hata chini. Kanuni ni moja: mahali sehemu ya kwanza inaposogea na ya pili isisogee, hapo ndipo penye kosa.

(a) Anza na usukani wenyewe. Ukisogea lakini mhimili wake usisogee, nati yake imelegea.

(b) Tazama sanduku. Likitikisika lote, bolti zake au kishikizo chake kimelegea. Kaza hizo kwanza, kisha upime upya.

(c) Tazama mkono wa chuma utokao katika sanduku. Usukani ukitembea sentimita nyingi na mkono huo usisogee hata kidogo, ulegevu umo ndani ya sanduku. Mkono ukisogea mara moja, sanduku halina hatia, endelea mbele.

(d) Shika kila kiungo cha tufe kwa kiganja, kidole kimoja kiwe juu ya fimbo na kingine juu ya mkono unaoshikana nayo. Kiungo kizima husogea kama kitu kimoja. Kilichochakaa hugonga ndani, nawe utasikia kwa vidole kabla ya kuona kwa macho. Vipime vyote 6, hata kama umekwisha kupata kimoja kibovu. Jihadhari usibanwe vidole.

(e) Tazama kipokezi. Mkono wake wa juu na wa chini lazima isogee pamoja. Wa juu ukitangulia, bolti ya kubania imelegea au meno yamekwisha. Kipokezi chote kikitikisika ndani ya boriti, tazama bolti zake, tena tazama kutu ya chesisi. Kitiwe oili, maana wengi hukisahau hata kikakauka. Lakini usikifungue mwenyewe! Ndani yake mna springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi. Ikiruka yaweza kumvunja mtu taya.

4. KUINUA MAGURUDUMU

Sasa inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, na chini ya ekseli weka gogo imara. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Shika mpira juu na chini, uusukume na kuuvuta. Ukicheza, kosa ni la beringi za gurudumu au la kingipini. Ili kuzitofautisha, mwenzako akanyage breki ya mguu, nawe utikise tena. Ulegevu ukitoweka, beringi zimelegea. Ukibaki, kingipini imechakaa. Jaribu hili halikugharimu hata senti, nalo litakuokoa usinunue kitu usichokihitaji.

Kisha shika mpira kulia na kushoto, uutikise. Gurudumu hili likisogea na la pili lisifuate, rudi ukatazame viungo vya ile fimbo ndefu. Halafu fanya vivyo hivyo upande wa pili.

5. YANAYOFANANA NA ULEGEVU

Si kila motokaa inayoyumba ina usukani uliolegea. Mipira yenye pumzi kidogo, bolti za kufungia springi zilizolegea, na bushi za springi zilizokwisha huifanya motokaa iende huku na huku ingawa viungo vyote ni vizima. Kipimo cha ukingo kikiwa kidogo lakini motokaa yayumba, angalia hayo.

6. KUTENGENEZA

Kiungo cha tufe kilichochakaa hakitengenezwi kwa kugongwa wala kwa kujazwa grisi, hubadilishwa. Kabla ya kukitoa, pima urefu wa fimbo na uhesabu mizunguko unapokifungua, ili kipya kikae mahali pale pale. Nati ikazwe, na pini yake ya kufungia iwe mpya. Msumari au waya si badala yake. Kaza pia vibanio vya fimbo. Mwisho, magurudumu yapimwe: katika Land Rover hii nafasi ya mbele kati ya magurudumu iwe ndogo kuliko ya nyuma kwa milimita 1.2 hata 2.4. Ukiacha kazi hii, mipira mipya italika upesi.

Sanduku liguswe baada ya yote. Tazama kwanza oili yake. Kisha, magurudumu yakiwa yameinuliwa na kutazama mbele, legeza nati ya kufungia, ukaze skrubu kidogo sana, ushike skrubu isizunguke na ukaze nati. Zungusha usukani mpaka mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto. Ukiona mahali po pote pazito, legeza tena. Meno ya sanduku kuukuu huliwa zaidi katikati, kwa sababu motokaa huenda mbele kuliko inavyokata kona. Kwa hiyo ukiuondoa ulegevu wote wa katikati, usukani utakwama kwenye kona. Usukani unaokwama ni hatari kuliko unaocheza kidogo. Ulegevu mwingi ukisalia, mpelekee fundi.

7. WAKATI WA KUTOENDESHA

Usitie moto motokaa, wala usimpe mtu mwingine aiendeshe, uonapo hata moja katika haya: tufe linalotaka kutoka katika kikombe chake, nati isiyo na pini, mkono wa chuma wenye ufa, sanduku linalotikisika kwenye chesisi, au usukani wenye mahali panapokwama. Fimbo ikichomoka njiani, usukani utazunguka bure na magurudumu yatakwenda yatakako. Mzigo wa mahindi waweza kungoja siku mbili, au kubebwa na gari la jirani.

YA KUKUMBUKA

Pima kabla ya kutengeneza, na pima tena baada ya kutengeneza. Fuata mnyororo toka mkononi hata gurudumuni, usiruke pete hata moja. Nunua kile tu ulichokithibitisha kwa mkono wako. Rudia upimaji huu kila baada ya miezi mitatu, na tena kabla ya msimu wa kubeba mavuno, maana wakati huo barabara zina magari mengi na kila gari lina mzigo.