KUTOOA KWA MAPADRI NA HUKUMU YA NDOA KWETU

Swali: Mapadri wa Kikatoliki hawaoi. Je, wao waiona ndoa kuwa ni uchafu? Na Mwislamu asiyeoa, je, amewafuata wao?

Jawabu: Ndugu yangu, tuwanenapo watu wa dini nyingine yatupasa insafu. Wakatoliki hawaiharamishi ndoa. Waihesabu katika sakramenti zao saba. Padri wa Kilatini kwa kawaida huiacha kwa kuwa aona ameitwa aitoe nafsi yake yote kwa Mungu. Mkutano wao wa Laterano, mwaka 1139, ulibatilisha ndoa za mapadri. Na ule wa Trento, mwaka 1563, ukauweka ubikira juu ya ndoa. Hata hivyo, katika makanisa ya Mashariki yamtiiyo Papa, mwenye mke aweza kufanywa padri.

Hapo ndipo tuachanapo nao. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimkataza Uthman bin Madh'un kujitenga na wanawake kwa ajili ya ibada.

Lakini kutooa peke yake si dhambi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mwenye shauku na uwezo ni sunna aoe. Mwenye shauku asiye na mahari wala nafaka, bora angoje, na afunge. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, alishughulika na ilimu hata akafa hajaoa.

Basi ewe umchekaye padri barazani, na mahari unayo, nawe waikawiza ndoa upate kuzini: yeye ameiacha halali kwa kumtaka Mungu, wewe umeiacha kwa kuitaka haramu. Ni yupi wa kuchekwa?

Wallahu aalam.