Daktari, Kazi Iko Wapi?

Joho umesharudisha, picha za mahafali zimeshapata pongezi zake, na sasa shangazi anauliza: "Daktari, unafanya kazi wapi?" Haya, kama unatafuta nafasi ya utafiti baada ya uzamivu, ile wenyewe wanayoiita postdoki, anzia hapa.

1. Tafuta mtu kabla ya tangazo. Nafasi nyingi huzaliwa ndani ya ruzuku ya profesa mmoja mwenye mradi, na fedha zikiingia huwaza kwanza watu ambao kazi zao anazijua. Soma makala zake mbili za karibuni, kisha mwandikie: umetafiti nini, swali gani katika kazi yake linakunyima usingizi, ungependa kuja lini. Aya tatu zinatosha. Barua moja kwa watu wote haifai. Mimi niliwahi kuituma kwa maprofesa thelathini, mmoja nikamwita kwa jina la mwenzake. Alinijibu kwa adabu kwamba ninayemtafuta yuko ghorofa ya juu.

2. Vijue vijiwe. Nafasi za Ulaya hutangazwa kwenye tovuti ya EURAXESS, za Uingereza kwenye jobs.ac.uk. Weka arifa za barua pepe, uendelee na shughuli zako.

3. Usiruke nyumbani. Si lazima iwe chuo. Nairobi kuna icipe, kituo cha wadudu alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, na ILRI, taasisi ya mifugo. Kilifi kuna kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome, Tanzania kuna Taasisi ya Afya Ifakara. Kama unatafiti mbu, kwa nini umfuate anayewafuga kwenye kabati huko kwenye theluji?

4. Hesabu miaka na miezi. Hapa ndipo wengi huanguka. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya hupokea watu wa mataifa yote, lakini uzamivu wako usiwe umepita miaka 8. Tena, katika miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi, usiwe umeishi zaidi ya miezi 12 katika nchi unayotaka kwenda. Yaani aliyemaliza juzi Ujerumani hawezi kuutumia kubaki Ujerumani. Aangalie Ufaransa au kwingineko. Dirisha kwa kawaida hufungwa Septemba, na andiko la mradi linaandikwa pamoja na mwenyeji, yaani profesa utakayefanya kazi kwake. Ukianza kumtafuta Agosti, umeshachelewa.

5. Wadhamini wajue. Mtumie kila mmoja tangazo, wasifu wako na tarehe. Profesa aliyeshtukizwa huandika mistari minne baridi.

6. Uliza ni mshahara au posho. Ujerumani, postdoki wengi wa mradi ni waajiriwa wa daraja la mshahara la 13, wenye bima na michango ya pensheni. Afrika Kusini wengi hupewa posho ya ufadhili: kodi huwa hakuna, lakini pensheni nayo hakuna. Kama una familia, fanya hesabu kabla ya kusaini.

7. Cheti hakijatoka? Mahafali ni Novemba na maombi yanafungwa Septemba? Omba barua ya chuo inayothibitisha kwamba umetetea tasnifu na kufaulu. Wafadhili wengi huipokea. Iombe mapema, maana anayesaini naye huenda likizo.