Paa la Turubai Kwenye Mvua ya Kitengela

Kuna watu wanaoishi Kitengela na bado wakanunua gari lenye paa la kukunja. Hatuwahukumu. Jioni ya Januari, ukishapita Isinya na barabara ya Namanga imekuwa nyeupe mbele yako, wana sababu zao. Shida ni Aprili, gari likiwa limelala uani bila banda. Paa la kitambaa lililo zima huhimili mvua bila taabu. Kinachoozesha gari ni maji yaliyokosa njia ya kutoka, na vumbi lililoyatangulia.

1. Zibua mifereji kwanza. Maji yanayoteremka kwenye paa hayamwagiki yote chini. Mengine huingia kwenye mfereji ulio nyuma ya viti, hupita kwenye mabomba madogo ya mpira, moja kila upande, na kutokea chini ya gari. Katika Mazda MX-5, ambayo wengi waliifahamu kwa jina la Eunos Roadster, matundu yako pembeni, nyuma ya mikanda ya viti. Kiangazi cha Kajiado huyajaza vumbi na vijani vya mgunga, na mvua ya kwanza hugeuza mchanganyiko huo kuwa tope. Maji hufurika ndani, zulia linalowa, na fundi wa turubai analaumiwa bure. Chukua uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kufyekea nyasi, uusukume taratibu, kisha mimina maji kidogo uone kama yanatokea chini. Waya hapana, mashine ya upepo hapana: bomba likichomoka kule ndani, utafungua nusu ya gari kulirudisha. Kazi hii ifanyike Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Wenye BMW Z4 za awali wasisubiri hata kalenda, kwa maana mota ya paa imewekwa chini kabisa karibu na mfereji, na mfereji ukiziba mota inaogelea. Bei ya mota hiyo usiulize ukiwa umesimama.

2. Vumbi litoke likiwa kavu. Kitengela ni jirani wa Athi River, na Athi River ina viwanda vya saruji, kwa hiyo kinachotua kwenye paa huenda si udongo mtupu. Saruji ikipata umande huanza kushika. Ukiimwagia maji kwa pupa, umepiga plasta kwenye kitambaa. Pitisha brashi laini paa likiwa kavu, ndipo uoshe kwa sabuni isiyo kali. Sabuni ya unga ibaki kwenye nguo. Na vijana wanaoosha magari waambie mapema: maji ya presha yasielekezwe kwenye paa, hasa kwenye mishono.

3. Jaribu kitambaa kwa maji kidogo. Yakijiviringisha kuwa matone, paa bado lina kinga. Yakinywewa, nunua dawa ya kuzuia maji inayofaa kitambaa cha paa, uipake paa likiwa safi na kavu kabisa, baada ya kufunika vioo na rangi. Kumbuka tuko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, na jua la huku ni kali. Mara nyingi uzi wa mshono huoza kabla ya kitambaa chenyewe, na kushonwa upya mapema ni nafuu kuliko paa jipya.

4. Paa bichi halikunjwi. Likilala limekunjwa na unyevu wake, litaota ukungu na harufu haitakutoka. Lenye dirisha la nyuma la plastiki likunjwe kwa uangalifu zaidi, hasa asubuhi za baridi za Julai, maana plastiki iliyokakamaa hupasuka.

5. Karatasi la nailoni si kifuniko. Linafungia unyevu ndani, na upepo wa nyanda za Athi ukilipeperusha usiku kucha, vumbi lililo chini yake linasugua rangi ya gari kama msasa. Tafuta kifuniko kinachopumua, au zungumza na mwenye ploti akuruhusu kusimamisha banda la mabati. Neti ya kivuli ni nzuri kwa jua. Kwa mvua haisaidii kitu.

6. Chagua mahali pa kulaza gari. Udongo mweusi wa huku hunyonya maji, huvimba na kushika magurudumu, na magari haya huwa chini sana. Kabro au kokoto zilizoshindiliwa zinatosha. Chini ya mgunga si pazuri, hata kama kuna kivuli: vijani ni vile vile vinavyoziba mifereji, na ndege hawana heshima.

7. Mipira ya milango na vioo ipakwe grisi ya silikoni. Mafuta ya kujipaka yaliyotengenezwa kwa petroliamu huvimbisha mpira na kuulegeza.

8. Fukuza paka. Hupenda joto la paa, na kucha zao hazisamehe. Mbuzi nao wakipita mtaani, funga geti.

9. Gusa zulia kwa mkono kila baada ya mvua kubwa, na ufungue buti pia. Kwenye MX-5 za vizazi viwili vya kwanza, betri iko humo. Ukikuta maji, inua zulia likauke kabisa. Kuanika juu juu kunaficha kutu tu.

10. Soma bima yako. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaonyesha watu wa Kitengela kwamba maji yanaweza kuja kutoka chini pia. Bima ya mtu wa tatu hailipi gari lako likizama. Hata ukiwa na bima kubwa, muulize wakala kama mafuriko yamo, na akujibu kwa maandishi kabla mvua haijaanza.