Somo la Viongozi wa Matawi: Lini Tutangulie Kuweka Dau



Katika somo hili tunatumia karata ili tujifunze jambo la meza ya majadiliano. Wengi wetu tunaujua mchezo wa matatu. Huu wa leo ni poka, nasi tunaucheza kwa punje za mahindi. Mshahara wa mfanyakazi si wa kuwekwa mezani.

Kila mchezaji hupewa karata 2 za siri, na dau la kwanza huwekwa. Kisha karata 3 za wote hufunuliwa katikati, na dau huwekwa tena. Baadaye hufunuliwa mbili zaidi, moja moja, na kila mara dau huwekwa. Mwenye karata 5 bora hushinda, au yule anayebaki wenzake wakitupa zao.

Tuseme tuko wawili. Sisi tuna 7 na 6. Mpinzani ameongeza dau mpaka punje 6, nasi tumemfuata. Katikati zipo punje 12, na zamu ya kwanza ni yetu. Je, tuweke dau au tupishe?

Kanuni ya kawaida ni kupisha. Aliyeongeza dau mwisho amejionyesha kuwa na nguvu, na mara nyingi ataweka tena. Tukimwacha atangulie, tunasikia neno lake kabla ya kutoa letu. Zikifunuliwa ree, mfalme na 2, kupisha ndiko kwema, kwa sababu karata hizo humfaa yeye kuliko sisi.

Lakini zikifunuliwa 6, 5 na 4, mambo yamegeuka. Anayeongeza dau mara nyingi hushika karata kubwa, na hapa hazikumsaidia. Sisi tuna jozi ya 6, na 3 au 8 yoyote itatupa karata 5 za mfululizo. Tukipisha, naye atapisha, aone karata ya nne bila kulipa. Akiwa na ree na mfalme, zimebaki karata 6 za kumwokoa. Kwa nini tumpe bure? Tuweke punje 4, yaani theluthi ya zilizo katikati. Akitaka kuona, alipe.

Sasa twende kwenye majadiliano. Tuseme mwajiri ametangaza kwamba atapunguza posho ya zamu ya usiku. Yeye ndiye aliyeongeza dau. Kwa kawaida tunamwacha aeleze sababu zake, tuandike, ndipo tujibu. Lakini kabla ya kikao inaingia oda kubwa, na bila zamu ya usiku haitamalizika. Hiyo ndiyo 6, 5 na 4 yetu. Tukikaa kimya atasema, "Tuahirishe mwezi mmoja." Mwezi huo ndio karata ya bure: oda itakwisha, na posho itakatwa. Siku hiyo tufungue kikao sisi, tukiwa na dai letu kwenye karatasi.

Kabla ya kutangulia, kamati ijiulize mambo matatu:

1. Kilichobadilika kimetufaa sisi kuliko yeye? Kama sivyo, tupishe.
2. Tukinyamaza, atapata nafasi ya bure? Kama ataendelea kusukuma mwenyewe, hakuna haja ya kutangulia.
3. Akijibu kwa kuongeza dau, tutafanya nini? Jibu lipatikane kwenye mkutano wa wanachama, kabla ya kikao.

Tusitangulie kwa hasira, wala kwa sababu kimya kinatuumiza. Asiyejua atakachofanya akijibiwa, hajawa tayari kuanza.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Ni miezi gani kazi huwa nyingi kwetu?
(b) Kikao chetu cha mwisho kiliahirishwa na nani, na nani alifaidika?

Umoja ni nguvu.